Visigino vya Bi Tunu

Tunu binti Nassibu alikuwa mtu asiyekaa. Hata chakula alikula goti moja liko juu, kama mtu aliyekwisha kuitwa na anamalizia tonge tu ainuke. Tangu aolewe na kuletwa Temeke alikuwa amekaanga vitumbua akaacha, amesuka mikeka miwili na wa tatu akautupa nusu, amefuga bata na wale bata akawagawa. Sie majirani tulisema mwanamke huyu ana upepo. Mumewe Sadallah, mtu wa maneno machache, alipoulizwa alijibu kwamba upepo nao umeumbwa na Mungu.

Kazi iliyomshika ilikuwa ya mumewe. Sadallah alikuwa fundi viatu wa Keya, jeshi la Waingereza, wakati wa vita, na huko Burma alishona buti za kombania nzima. Aliporudi alikuja na sanduku la mbao lenye kalibu ya kuvalishia kiatu, nyundo na maharazi ya kutobolea ngozi, akaanza kazi barazani kwake. Lakini alikuja pia na macho mabovu. Mwanzo alimwomba mkewe amtungie uzi kwenye sindano. Kisha akamwomba amshonee upande mmoja wa soli, yeye ashone wa pili. Kufika mwaka 1951 pande zote mbili zilikuwa za Tunu.

Watu hawakuambiwa. Mchana Sadallah alikaa kwenye kigoda barazani, akapokea viatu, akasalimiana na wapitao. Nyuma yake palikuwa na mlango wenye pazia, na nyuma ya pazia Tunu alikuwa ameinamia kazi. Mara moja moja Sadallah aligonga nyundo juu ya kalibu tupu, barabarani wasikie kwamba fundi anafanya kazi. Hawakukaa wakakubaliana kuficha. Lilianza tu hivyo, na kila mwaka ulivyopita likawa gumu zaidi kusemwa.

Viatu vya wanawake ndivyo vilivyompa Tunu raha na tabu. Wake za makarani, manesi na walimu waliotoka bara walikuwa wameanza kuvaa viatu vya mchuchumio, na viatu hivyo havikuijua Temeke. Sadallah hakuweza kushika mguu wa mke wa mtu, kwa hiyo aliita ndani, "Mama Zuhura, njoo upime." Zuhura ni binti yao, aliyekuwa ameolewa Mbagala. Tunu alitoka na kamba yake, akapiga magoti, akapima, akarudi nyuma ya pazia. Wanawake waliamini kwamba anapima tu.

Katika kupima huko alijifunza mambo ambayo Sadallah hakuyajua, kwa kuwa buti la askari halichagui msimu. Aliona kwamba mguu wa Februari si mguu wa Julai. Kiangazi, ikifika saa nane, nyayo zimevimba, kiatu kilichoingia asubuhi kinatoka kwa kuvutwa, na mjini lami imelainika hata kisigino chembamba kinanata na kubaki nyuma ya mwenyewe. Wakati huo wanawake walimletea viatu vya mchuchumio vimefungwa kwenye gazeti, wakavaa makubadhi. Masika walivileta vikiwa vimeng'oka visigino, gundi imeyeyuka, udongo mweusi wa kule mabondeni umeingia mpaka ndani ya bitana. Wengi walikuwa na akili ya kwenda peku hadi karibu na mjini, wakanawa miguu bombani, ndipo wakavaa. Kipupwe kikiingia, ardhi ikikauka na jua likipoa, hapo kila mmoja alitaka kurefuka. Harusi zilikuwa za kipupwe, dansi za kipupwe, na Tunu alikuwa hapumziki.

Alivipenda viatu vile kuliko alivyotaka kukiri. Mwanamke akipita juu ya saruji ya duka la Mhindi, ko, ko, ko, Tunu aliacha sindano hewani mpaka sauti ipotee. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvaa hata siku moja.

Mwaka 1954, mwezi wa pili, alikuja Mwalimu Kokushubila. Alikuwa binti wa Kihaya, mrefu wa shingo na mfupi wa kimo, anafundisha shule ya wasichana na anaishi nyumba mbili tatu kutoka barabarani. Alikuwa anaolewa na Projestus, karani wa reli, ambaye likizo yake ilitoka Aprili na isingesogezwa. Kwa hiyo harusi ilipangwa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, katikati ya masika. Dada yake Projestus alikuwa Kampala, naye ndiye aliyetuma viatu: vyeupe, ngozi laini, kisigino inchi tatu, chembamba kama kidole.

"Vinanibana," Kokushubila alisema. "Naomba vitanuliwe."

Tunu alipima. Ilikuwa saa tisa mchana na mwalimu alikuwa amesimama darasani tangu asubuhi. Vidole vyake vilikuwa vimejaa kama tangawizi.

"Mwalimu, vikitanuliwa leo, Aprili vitakupwaya. Huu mguu ni wa jua. Mvua ikianza utarudi kuwa wako."

"Nitajuaje kama utarudi?"

"Huwa unarudi."

Kokushubila hakuridhika. Alikuja wiki iliyofuata, akaja na iliyofuata tena, kila mara anavaa, anasimama, anashika ukuta, anatembea hatua nne, anavua. Machi mvua zilipoanza alikuja mara mbili kwa wiki. Viatu sasa vilikuwa vinaingia bila shida, lakini yeye bado hakutulia. Siku moja alikaa kwenye mkeka wa Tunu, viatu mapajani, akasema taratibu:

"Bi Tunu, mimi sijawahi kuvaa kirefu namna hii. Projestus ni mrefu sana. Dada yake aliandika kwamba kwenye picha nisionekane mtoto."

"Na wewe wataka nini?"

"Nataka nisianguke mbele ya watu."

Tunu alimwambia aviache, vitatazamwa. Alikuwa ameona njia ya kutoka kanisani hadi nyumba ya sherehe, hatua kama mia nne za udongo. Alijua visigino vile vitazama. Asichokijua ni kuzama kwenyewe kukoje: mtu huanza kuyumba wapi, uzito unakwenda wapi, mguu unakataa vipi. Alikuwa na miaka mitatu ya kushona kitu ambacho mwili wake haukukijua, na jambo hilo lilimwasha. Siku ya Pasaka lilimwasha. Jumatatu alivitoa kwenye gazeti akavirudisha. Jumanne akavitoa, akaingiza mguu mmoja, akautoa.

Jumatano mchana Sadallah alikwenda msikitini kusali adhuhuri. Mvua ilikuwa imekatika kidogo. Tunu alifunga mlango wa mbele, akajifuta miguu kwa kitambaa safi mpaka katikati ya vidole, akavaa.

Juu ya saruji ya chumbani alitembea vizuri, akishika kitanda, kisha bila kushika. Alishangaa jinsi kiuno kilivyokwenda chenyewe. Alisikia ko, ko, ko, na sauti ilikuwa yake. Angeishia hapo tusingekuwa na la kusimulia. Lakini saruji haikuwa swali lake. Alifungua mlango wa uani, akaukunja upande wa kanga kiunoni, akakanyaga ardhi yenye maji.

Hatua ya kwanza kisigino kilizama nusu. Ya pili kikazama chote, na Tunu akajifunza alichotaka kujifunza: kwamba mwili unaanguka kwa nyuma kabla ya kwenda pembeni, na vidole vinajikunja kushika kitu ambacho hakipo. Ya tatu akaunyanyua mguu kwa nguvu. Kiatu kilibaki, kikavunjika shingo ya kisigino, na yeye akaanguka ubavu juu ya majani ya mihogo.

Mwanaasha, jirani wa uani, alikuwa anaanua nguo zake. Aliona yote tangu mlango ulipofunguliwa.

"Tunu," alisema, "hivyo si vya yule mwalimu?"

Kifundo cha mguu kilikuwa kimeteguka na kinavimba. Alivua kiatu kizima, akakichukua na kile kilichovunjika, akaingia ndani kwa kuruka mguu mmoja.

Sadallah aliporudi alimkuta amekaa sakafuni, na hilo peke yake lilimtisha. Alipapasa kiatu kwa vidole, akafika palipovunjika.

"Umevaa?"

"Nimevaa."

"Kwa nini, Mama Zuhura?"

"Nilitaka kujua."

Alikaa naye chini. Akamkanda kifundo kwa maji ya chumvi, kisha akasema, "Mwalimu akija, niachie mie. Nitasema kilivunjika kwenye kalibu, nyundo imeniponyoka. Watu wanajua macho yangu yamepungua. Atakasirika na fundi, basi."

Lilikuwa neno la upendo, na Tunu alilipokea hivyo. Lakini halikumpa raha. Usiku kucha alijigeuza. Alfajiri alikuwa amekwisha kupita huku na huko chumbani mara ishirini kwa mguu mbovu, na kulipokucha alichechemea kwa Didas, seremala wa mtaa wa pili, akamwomba vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kitanda alichokuwa anatengeneza. Didas alimuuliza vya nini. Akasema vya visigino.

"Sadallah sasa anachonga mbao?"

"Ninachonga mie," Tunu alisema. Alikwisha sema ndipo akasikia alichosema.

Kokushubila alikuja Alhamisi jioni, mwavuli mkononi. Sadallah alianza, "Mwalimu, kuna bahati mbaya, nyundo—" na pazia likafunguka. Tunu alitoka na viatu viwili, kimoja kizima na kimoja kimekatika.

"Si nyundo," alisema. "Nilivivaa mie. Nilitoka navyo uani kutazama vinazamaje, nikaanguka."

Kokushubila alivitazama viatu. Aliutazama mguu wa Tunu uliofungwa kitambaa. Alifunga mwavuli, akaufungua, akaufunga tena.

"Nilivileta vitengenezwe," alisema. "Sikukupa uvae."

"Hukunipa."

"Mimi hata nyumbani kwangu sijavitembeza. Nimeogopa kuvichafua."

"Najua, mwalimu. Nimekukosea."

Kisha mwalimu akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia. "Kwa nini utazame wewe? Si mumeo ndiye fundi?"

Tunu alimgeukia mumewe. Sadallah alikuwa ameshika nyundo, ameielekeza kwenye kalibu tupu kama kawaida, lakini hakugonga. Akaiweka chini.

"Mwalimu, mie sioni," alisema. "Mwaka wa tatu huu. Kila kiatu kilichotoka hapa kimetoka mkononi mwake."

Kokushubila alikaa kwenye ukingo wa baraza. Hatukujua alifikiri nini. Mwishowe alisema sauti imeisha, "Keshokutwa naolewa. Fanya unavyoweza," akaondoka bila kuaga vizuri.

Tunu alifanya. Kile kizima nacho alikikata, akivunja mwenyewe kitu ambacho hakikuwa kimevunjika. Alichonga mninga kwa kisu cha ngozi, visigino viwili vya inchi moja na nusu, vinene chini kuliko juu, vipana kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Alivivika ngozi nyeupe aliyoitoa kwenye mkoba mkuukuu wa Zuhura, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Alivipigilia, akavitoa, akavipigilia tena. Kila akimaliza kidogo alisimama, akaenda mlangoni, akatazama mvua, akarudi.

Na wakati huohuo mdomo wa Mwanaasha, aliyeyasikia maneno ya barazani, ulikuwa unafanya kazi yake. Ijumaa asubuhi alikuja Fransis, tarishi wa ofisi moja ya mjini, kudai viatu vyake ambavyo havijaguswa bado.

"Nimesikia mambo," alisema. "Kumbe nashonewa na mwanamke. Ungeniambia, Mzee Sadallah."

"Ningekuambia nini?"

"Hata heshima ya mtu hamkuijali."

Sadallah aliinua uso kuelekea sauti ilikotoka. "Fransis, wewe kazi yako ni kutembea. Posta, bomani, bandarini, unarudi. Mwaka wa tatu unatembea juu ya mkono wake. Soli imekuachia siku gani?"

Fransis alivichukua viatu vyake hivyohivyo. Siku ile wengine wawili walichukua vyao. Tunu alisikia yote nyuma ya pazia. Saa nane alilishika pazia, akalivua kwenye misumari, akalikunja. Mwanga uliingia mpaka kitandani. "Nahitaji kuona," alimwambia mumewe, "hapa pana giza." Akasogeza kigoda chake mlangoni, akaendelea kuchonga mbele ya wapita njia.

Jumamosi ilinyesha tangu alfajiri. Kokushubila alituma dadake Felicitas kuchukua viatu. Felicitas alivigeuza juu chini, akasema, "Ni vifupi," akavifunga kwenye kanga, akakimbia na mvua. Tunu hakuwa amealikwa. Alichechemea hadi kona inayotazama njia ya kanisani, akasimama chini ya upenu wa duka pamoja na watu wengine waliojificha mvua.

Walipotoka kanisani mvua ilikuwa ya rasharasha. Projestus alikuwa mrefu kweli, na Kokushubila ubavuni kwake alimfika begani tu. Nyuma walifuata wanawake wa mjini waliovalia vizuri, na hatua hamsini hazikupita kabla ya wa kwanza kusimama akitikisa mguu, na wa pili kuvua kabisa, viatu mkononi, gauni limekunjwa. Kokushubila alikuwa anakwenda polepole. Visigino viliingia kidogo kwenye udongo vikatoka. Cha kushoto kilikuwa kirefu kuliko cha kulia, upana wa kucha tu. Tunu aliliona kosa lake kutoka mbali, bega moja la bibi harusi likipanda na kushuka, na likamkera njia nzima. Mwingine hakuliona. Kokushubila alifika nyumba ya sherehe miguu ikiwa imefunikwa matope na hajaanguka. Alipopita karibu na duka alimwona Tunu. Hakutabasamu, ila alimtikisia kichwa.

Tunu alirudi nyumbani akakaa, akainuka, akakaa. Kwa wiki mbili hawakupata kazi yoyote ya mwanamume. Kisha Fransis alirudi na viatu vyake, akasema kwamba fundi wa Ilala amemtilia msumari uliomchoma kisigino, akavikabidhi moja kwa moja mikononi mwa Tunu bila kumtazama machoni. Wanawake hawakuwa wameacha kuja. Mwezi wa tano walikuja wengi zaidi, wakitaka "vile vya mwalimu", na Tunu aliwatengenezea, mara hii akipima vyote viwili kwa kijiti kimoja.

Mwezi wa saba, ardhi ya Temeke imekuwa ngumu na asubuhi watu wanajifunika shuka, Kokushubila alikuja akiwa na viatu vyake vyeupe. Tunu alidhani anataka kushukuru, au anataka kulalamikia lile kosa la kushoto.

"Shikamoo, Bi Tunu."

"Marahaba, mwalimu. Vipi ndoa?"

"Nzuri. Kuna dansi Jumamosi." Akaviweka chini. "Nataka uvirudishie inchi tatu."

Tunu alimtazama. "Si vilikufaa?"

"Vilinifaa matopeni. Sasa matope yako wapi? Nimechoka kuinua shingo nikizungumza na mume wangu." Akakunja uso kidogo. "Mvua zikirudi nitakuletea, utavishusha."

"Na miguu yako?"

"Miguu ni yangu. Huu ni mwezi wa saba, haivimbi. Uliniambia mwenyewe."

Sadallah alicheka mpaka akakohoa. Tunu hakucheka. Alichukua kamba yake, akapiga magoti, akapima, na kichwani alikwisha kuanza kuhesabu mninga uliobaki. Ndivyo ilivyoanza ile desturi ya watu wa mtaani kwetu kuleta viatu mara mbili kwa mwaka, vishushwe Machi na vipandishwe Juni, na Tunu akawa na visigino vya kila mteja vimefungwa pamoja kwa uzi, vya masika na vya kipupwe.

Mtu mwingine angetulia hapo. Kazi ilikuwepo, jina lilikuwepo, mumewe alikuwa anakaa pembeni anazungumza na wateja na hakuna haja tena ya kugonga kalibu tupu. Lakini mwaka wa tatu baada ya harusi ile Tunu alianza tena kula goti likiwa juu. Alikuwa amekwenda Kinondoni kwenye maziko ya shangazi yake, akaona wanawake wa kule wanavyotembea, wote wameegemea mbele, na viatu vyao vimechakaa mahali ambapo vya Temeke havichakai.

"Tuhamie Kinondoni," alimwambia Sadallah.

"Kuna nini Kinondoni?"

"Kuna mchanga. Mvua ikinyesha unakuwa mgumu, jua likiwaka unakuwa laini. Kule kiangazi ndiyo masika yao. Kisigino changu hakitafaa, lazima niwe na kingine."

Sadallah alipapasa ukingo wa kigoda chake. Temeke alikuwa anajua kila hatua kutoka kitandani hadi msikitini, na kwa mtu asiyeona jambo hilo si dogo. Tunu alilijua. Alikuwa karibu kusema basi, tuache.

"Nyumba yenyewe umekwisha iona?" Sadallah aliuliza.

"Nimeiona. Ina baraza pana."

"Na msikiti uko hatua ngapi?"

Tunu hakujua. Kesho yake asubuhi alivaa makubadhi yake, akaenda Kinondoni kwa miguu kuhesabu hatua hizo.